Nilivyomkimbiza Mama kwa Utani

Nakumbuka siku moja, na kabla sijaanza nikwambie kabisa: habari hii inanionyesha mjinga. Cheka tu, nimeshazoea. Mwanangu, mimi si mzee. Darasa la saba nimemaliza miaka michache tu iliyopita, ndevu bado nazihesabu. Lakini mvi moja ninayo, niliipata kwenye benchi la hospitali, kwa hiyo nasaha moja nina haki ya kukupa.

Tulikuwa uwanjani kwetu Keza tunapura maharage. Majirani wamekuja kusaidia, fimbo zinapiga, vumbi linapanda. Mimi bila utani kazi siiwezi. Nikaanza kumwiga jogoo wetu anavyotembea akishanyeshewa, mabega juu, kama mtu aliyenyimwa pombe harusini. Mama akacheka, akatupa fimbo, akakimbilia migombani.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka miwili mizima namchekesha anakimbia, na mimi najisifu, "Mnaona? Mimi namkimbiza hata mzazi!" Siku hiyo nikaongeza chumvi. Nikapaza sauti: "Mama, umejikojolea nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Shangazi Veneranda hakucheka. Na mama hakurudi.

Jioni shangazi akaniita nyuma ya jiko. "Wewe, kichwani una maharage au makapi?"

"Vyote, shangazi."

"Nyamaza! Mama yako kizazi kimeshuka. Alikuzaa wewe na lichwa lako hilo, wiki ya pili akabeba dumu la maji. Sasa akicheka, akikohoa, akiinua ndoo, mkojo unatoka. Ndiyo maana hata sala za jumuiya ameacha kwenda. Jumatatu ijayo anatakiwa hospitali, wamshone ndani, kirudi mahali pake. Nimemsihi mwaka mzima. Mficha uchi hazai. Yeye kazaa saba na bado anaficha! Leo wewe umemtangaza. Ameniambia haendi."

Mdomo huponza kichwa, ndivyo walivyosema wakubwa. Wangu ulimponza mama.

Asubuhi nikaenda kwake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageukia ukuta.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

Akasema, "Kama mwanangu wa kumzaa kanicheka, hao madaktari vijana je? Na wakinikataza kuinua kitu wiki sita, maji atachota nani? Wewe?"

Nikachukua madumu mawili nikashuka kisimani. Kwetu kijana mwenye pikipiki kama mimi kupanga foleni ya maji na wasichana ni habari ya kijiji kizima. "Kaka, umeoa au umeolewa?" wakaniuliza. Jibu zuri nilikuwa nalo, mwanangu, zuri kweli. Nikalimeza. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Kuni nikapasua. Nikaleta mapapai na kupika mchicha, maana shangazi alisema muuguzi hataki mama ajikamue chooni. Mama ananitazama tu.

Ijumaa nikamkuta mlangoni, midomo inacheza. Nikadhani rozari. Kumbe anahesabu: anabana mpaka tano kama anayezuia mkojo, anaachia, anabana tena. Mazoezi ya kliniki. Nikarudi kisimani nakimbia na madumu matupu. Mtu asiyekwenda hafanyi mazoezi.

Jumatatu hiyo alikuwa hajala wala kunywa tangu usiku, kama walivyomwagiza. Pikipiki ilikatazwa, tukapanda Noah ya abiria, kila shimo la barabara nalisikia tumboni kwangu. Mlangoni kwa chumba cha upasuaji akanishika mkono.

"Nisipotoka," akasema, "yule jogoo msimchinje msibani. Ananifurahisha."

Ulikuwa utani, na ndio utani wa kwanza maishani uliotaka kuniliza. Mlango ukafungwa. Nikakaa na shangazi kwenye benchi. Kila muuguzi akipita nasimama, naye anapita. Nilimwambia Mungu, mchukue ulimi wangu, mama umwache. Shangazi akanivuta shati: "Kaa. Unaziba njia."

Muuguzi wa mwisho alisimama. "Mtoto wake ni nani? Ametoka salama. Ila asibebe kitu, na msimchekeshe, nyuzi zitamuuma."

Wiki sita, mwanangu! Nilichota maji na kunyamaza, sijui kipi kilikuwa kizito zaidi.

Basi shika hili. Ukimwona mtu anakimbia, usicheke kabla hujajua anakimbia nini. Mama yako akikohoa akajishika tumbo, usimtangaze wala usijifanye huoni; mwite shangazi, mpelekeni akaonwe. Na dumu lichukue leo, usingoje daktari akwambie. Mungu akupe miaka mingi ya kucheka na mama yako, mpaka mbaki na fizi tu, wote wawili.

Wiki ya saba tulikuwa uwanjani, na majirani walewale. Mama akavuta kigoda, akakaa katikati yao, akaniita.

"Haya, baba. Yule jogoo anatembeaje? Leo sikimbii."