Mshona Maturubai wa Tunduma Anayejiandaa Kupanda Ukuta wa Siani

Jua la Tunduma halijapata nguvu, lakini Tabita Nzunda ameshavua viatu. Ameketi katikati ya turubai la lori lililotandazwa chini, pana kama ua wa nyumba, shazia mkononi, uzi wa nailoni ameuzungusha kwenye kidole gumba cha mguu ili usilegee. Pembeni yake dereva kutoka Zambia anatafuna muhindi wa kuchoma huku jicho moja liko kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka.

"Bamayo, foleni inasogea," anasema dereva, akimwita mama kwa Kibemba.

"Ikisogea, sogea nayo. Turubai litakufuata," anajibu Tabita bila kuinua kichwa.

Foleni haijasogea tangu jana, na wote wawili wanajua. Dereva anacheka, anatupa gunzi, kisha anauliza swali ambalo mwanamke huyu huulizwa kila siku tangu mwaka huu wa 2014 uanze. Amesikia mama anakwenda China. Je, anakwenda kufuata mzigo gani?

"Sifuati mzigo. Naenda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

Tabita anaweka shazia chini, anaguna, kisha anaangua kicheko kinachowafanya wauza juisi wa jirani wageuke.

Swali hilo si la kijinga. Upande huu wa nchi, kutembea ni kwenda kwa mtu. Unakwenda kutembea Mbeya kwa shangazi, au Isongole kwa mkwe, unapokewa mzigo, unachinjiwa kuku, unarudi na habari. Mtu anayepanda ndege kwenda kutembea mahali ambapo hana shangazi wala mkwe hueleweka kwa shida, na Tunduma wameamua kwamba Mama Turubai ana jambo analolificha.

"Wapo waliosema nimepata mchumba wa Kichina," anasema mama huyu mwenye umri wa miaka 51. "Mume wangu akawaambia, kama ni kweli, basi na yeye anakuja harusini kula."

Habari yenyewe ilianzia Iyula, huko Mbozi kwenye kahawa na mahindi, alikozaliwa. Baba yake, Mzee Abrahamu Nzunda, alikuwa kibarua kwenye kambi ya Wachina walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA miaka ya sabini. Kazi yake ilikuwa kumshikia kamba mpimaji mmoja ambaye jina lake vijana wa kambini hawakuliweza, wakamwita Bwana Kamba.

Bwana Kamba alikuwa mcheshi, na Kiswahili chake kilitosha kuombea chumvi. Jioni moja alichukua kijiti akachora mraba kwenye vumbi. Akaonyesha kwa mikono kwamba huo ni ukuta, mji wa kwao uko ndani yake, na juu ya ukuta huo mikokoteni inaweza kupishana bila kugusana. Kisha akautaja mji: Siani. Angalau ndivyo masikio ya Abrahamu yalivyosikia.

Abrahamu alirudi kijijini akasimulia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa watu wa huku, jina linaloanza na "Si" ni jina la ukoo. Kuna kina Silwimba, kina Siame, kina Sichone. Hivyo aliposema "ukuta wa Siani", Iyula nzima ilielewa kwamba kuna Mnamwanga mmoja, mtu wa kabila la jirani, aitwaye Siani, ambaye amejenga ukuta unaopitisha mikokoteni juu yake.

Watu walitaka kujua Siani huyo ni wa wapi, ana mali gani, na kwa nini kina Siani hawajulikani hata kwa jirani zao wa kijiji cha Mpemba. Kila Abrahamu alipojaribu kufafanua ndipo alipozidi kuzama. Mwisho wakamwita Mzee Ukuta. Na hadi leo, mtu akianza kutia chumvi kilabuni Iyula, wenzake humwambia, "Shuka, umeshapanda ukuta wa Siani."

"Nimekua naitwa mtoto wa Ukuta," anasema Tabita, sasa akipiga fundo la mwisho kwenye kiraka. "Shuleni, nikisema nimemaliza hesabu, wanasema ni hesabu za Siani. Iliniuma. Nilimpenda baba yangu lakini nilimwonea aibu, na kumwonea aibu baba unayempenda ni mateso."

Anakiri kwamba yeye mwenyewe aliamini Siani ni mtu. Aliolewa na Watson Simbeye, fundi wa breki za malori, wakahamia Tunduma, akajifunza kushona maturubai kwa sababu madereva walikuwa wakimfuata mumewe na maturubai yaliyochanika wakidhani fundi ni fundi tu. Kiraka kidogo ni shilingi elfu tano. Turubai zima lililoraruliwa na upepo wa Uyole hufika elfu arobaini, na Mzambia akiishiwa shilingi hulipa kwa kwacha au kwa unga. Kwa kazi hiyo watoto wanne wamesoma.

Siku iliyogeuza mambo ilikuwa ya mwaka 2008, dukani kwa rafiki yake Faudhia, mfanyabiashara wa mapazia na mashuka ambaye China anakwenda kama wengine wanavyokwenda Vwawa. Faudhia alikuwa amerudi na kalenda alizopewa na wauzaji wa Guangzhou. Tabita alikuwa akifunua moja, akaona picha ya ukuta wa matofali ya kijivu, mrefu kupita upeo, na juu yake watu wanaendesha baiskeli.

"Nikamuuliza, hapa ni wapi? Akasoma herufi chini ya picha, akasema Wachina wanapaita Shi-an. Nikakaa juu ya robota la mashuka ya watu," anasimulia Tabita.

Faudhia anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Nilidhani presha. Nikamletea maji. Kumbe analia kwa ajili ya kalenda. Anasema, 'Faudhia, Siani si mtu.' Mimi nikajua sasa amechanganyikiwa."

Tabita alipanda gari kesho yake hadi Iyula na kalenda ndani ya kanga. Alitarajia kijiji kimwombe mzee radhi. Kijiji kilitazama picha, kikaipitisha mkono kwa mkono, kikatoa hukumu kwamba kalenda si shahidi. Mzee mmoja alikumbusha kwamba kalenda ya mwaka uliopita ilikuwa na picha ya kichanga kimelala ndani ya ua la waridi; je, na hicho nacho kipo?

"Wakasema, aende mtu tunayemjua, akanyage kwa miguu yake, arudi atuambie. Nikasema sawa. Nitakwenda mimi." Akaanza kuweka akiba siku hiyohiyo.

Kuweka akiba kulikuwa kwepesi kuliko kueleza. Mara tu habari zilipovuja kwamba pasipoti imetoka, maagizo yalimiminika. Jirani anataka simu mbili. Mwenye gesti anataka mapazia ya vyumba vyote. Shemeji yake alifika na ushauri kamili: fedha hizo zinatosha kununulia majenereta, auze, halafu ukuta ataufuata baadaye kwa faida.

Hata Faudhia, anayemsindikiza hadi Guangzhou, alikuwa upande wa mzigo. "Nilimwambia, dada, huwezi kwenda China ukarudi na miguu tu. Watu watatucheka sote wawili," anasema Faudhia akiwa nyuma ya meza ya duka lake. "Nilishampangia na pikipiki za watoto, zinatoka sana."

Kwa wiki kadhaa Tabita aliyumba. Majenereta yana faida, hilo hakuna anayelipinga, na yeye si mtu wa kudharau faida. Alikwenda hadi kwa mume wake akitaka amwamulie. Watson alikuwa chini ya lori.

"Nikamwambia, majenereta yatakuwepo na mwakani," anasema Watson. "Baba yake sina hakika. Mzee ana zaidi ya themanini. Wanaume wenzangu wananiuliza kwa nini nimempa ruhusa. Nawajibu kwamba hakuomba ruhusa, alitaka mtu wa kumsukuma kidogo tu."

Basi ukuta ukashinda. Lakini ushindi huo ulizaa tatizo jingine, la kanisani.

Tumpe, kiongozi wa kina mama kwenye kanisa analosali Tabita, alipohakikisha kwamba safari ipo kweli, aliwakusanya wenzake. Mkono mtupu haulambwi, na mtoto wa watu hawezi kwenda kutembea mikono mitupu. Wakafika nyumbani na kahawa ya Iyula, karanga, maharage, na mkeka uliosukwa vizuri, vyote vya kumpelekea Siani.

"Nikawaeleza tena, mama zangu, Siani ni mji," anasema Tabita. "Tumpe akanitazama kwa huruma, akaniuliza, 'Na huo mji hauna watu?' Nikaipokea kahawa."

Tumpe mwenyewe haoni kama kuna utata wowote. "Bwana Kamba aliondoka hapa amekula chakula chetu miaka miwili. Kama yupo, apewe yeye. Kama hayupo, apewe mzee yeyote atakayemkuta huko juu. Mzee ni mzee," anasema.

Maharage na karanga zimebaki kwa ushauri wa Faudhia, anayewajua watu wa uwanja wa ndege. Mkeka ulionekana mrefu mno, nao ukabaki. Kahawa inakwenda, imekaangwa na kusagwa, na Tabita amejifunza namna ya kusema "hii ni yako, imetoka Tanzania" kwa Kichina. Kijana wa Kichina mwenye duka la vipuri karibu na kituo cha forodha alimfundisha. Anasema kijana huyo hucheka kila akisikia, lakini hajui kama anacheka kwa furaha au kwa makosa.

Mpango ni kuondoka mwishoni mwa Oktoba. Watapanda basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege hadi Guangzhou, ambako Faudhia ana biashara zake. Kutoka hapo Tabita atapanda treni. Ipo ya mwendo kasi, lakini amechagua ya kawaida, ile ya kulala njiani. Anasema binti wa mtu wa reli hawezi kupita juu ya reli za watu kwa haraka hivyo.

Huko Xi'an, ndivyo Siani inavyoandikwa, amejipangia siku nne. Mnara wa kengele ataupitia, sokoni atazunguka, na ameambiwa kuna askari wa udongo maelfu waliozikwa na mfalme wa zamani, hao nao atawaona "nikipata nafasi." Kinachomnyima usingizi ni baiskeli. Amesoma kwamba juu ya ukuta zinakodishwa, na anataka kuuzunguka mji wote kwa magurudumu ili asije akaulizwa Iyula kama ukuta kweli unapitisha chombo.

Tatizo ni kwamba hajawahi kuendesha. Jumapili, ibada ikiisha, Watson humshikia baiskeli kwenye eneo la wazi wanakoegesha malori, na madereva wa mataifa matatu hukaa kwenye ngazi za vichwa vya magari yao kutazama. Ameshaanguka kwenye tope, kwenye mchanga na mara moja kwenye beseni la dagaa la watu, ambalo alilipa. Sasa anakwenda mbele vizuri. Kukata kona bado.

"Ukuta ni mraba," anasema Watson kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo. "Kona ni nne tu. Atashuka, asukume, apande tena."

Na Faudhia? Wiki iliyopita alimuuliza Tabita, kama mzaha, tiketi ya treni hiyo ni kiasi gani. "Nimekwenda China mara nyingi hata siwezi kuhesabu," anasema. "Nimeona maghala, nimeona hoteli, nimeona lifti. Mtu akiniuliza China ikoje, namwambia bei ya mashuka. Sasa naona haya. Labda nitaenda naye, siku hizo nne mapazia hayaozi."

Iyula, Mzee Abrahamu anaanika kahawa yake kwenye kichanja. Macho yana ukungu, hivyo huichambua kwa vidole. Anazungumza taratibu, na jina la Mzee Ukuta halimkasirishi tena. Anasema walioanza kumwita hivyo karibu wote wamekufa, na hawezi kuwadai marehemu.

Kinachomsumbua ni kingine, na amekisema mara moja tu, kwa binti yake, walipokuwa peke yao.

"Mimi ukuta sikuuona," anasema mzee akirudia maneno hayo. "Niliambiwa. Aliyeniambia tulikula naye ugali sahani moja, nilipougua homa alinibeba mgongoni hadi kambini. Watu wananicheka mimi, lakini mimi nilikuwa nawaza, je, kama rafiki yangu alinidanganya? Hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Kalenda nimeishika, lakini sioni kilichomo."

Tabita alimuuliza amletee nini kutoka huko. Shati, redio, blanketi zito la baridi ya Mbozi? Mzee alikataa vyote.

"Nimemwambia akifika juu anipigie simu. Asizungumze sana, fedha za watu zinakwisha. Aseme, 'Baba, nipo juu,' halafu anyamaze, aishike simu chini kidogo, nisikie baiskeli zinavyopishana."