Kocha Ruka na Mchezo wa Kukaa

Jina lake halisi lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini ungemuulizia kwa jina hilo pale chuoni ungezunguka mpaka ukachoka. Sema Kocha Ruka, hata mlinzi wa getini angekunyooshea kidole: "Nenda ukumbini, utamsikia kabla hujamwona." Na kweli ungemsikia. Alikuwa akifundisha mruko wa juu, na kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya nguzo na kupiga kelele, "Inuka! Inuka, mwanangu, chini kuna nini?"

Nusu ya ukumbi wa michezo ilikuwa himaya yake. Palikuwa na godoro kubwa la bluu lililochunika pembeni, nguzo mbili, upau, na feni ya ukutani iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Nusu ya pili walipewa watu wa tenisi ya meza, na ole wake atakayeacha kipira kivuke mstari. Warukaji wake siku hizi walikuwa wanne tu, na mmoja wao, tusidanganyane, alikuja kwa ajili ya msichana.

Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuruka zamani, kijana mwenye nguvu zake, siku alipotua vibaya na goti likageukia upande usio wake. Tangu hapo hakucheza kitu chochote. Alichechemea kidogo, akajifunza kupiga kelele, akaoa, akalea, na leo hii alikuwa babu. Ukimwuliza kama aliumia moyo atakwambia, "Aa, mambo ya zamani hayo." Mke wake, mwalimu wa chekechea, alijua vingine. Alijua kwamba mashindano yakionyeshwa kwenye televisheni mzee huyu hukaza miguu kwenye kochi kila mtu anaporuka.

Basi idara ya michezo ikatangaza kwamba mwaka huu itaongeza mchezo mmoja. Mmoja tu, maana sehemu za kuchezea ni zile zile. Mapendekezo yakamiminika. Kuna aliyetaka kuogelea, na chuo hakina hata beseni la maana. Kuna aliyetaka gofu. Kamati ikapepeta, mwisho ikabaki michezo miwili: raga, na mpira wa wavu wa kukaa, ule ambao wachezaji wote wanakaa sakafuni na wavu unashushwa.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Raga ingechezwa kwenye uwanja wa nyasi, na kocha wa soka aliyaonea wivu majani yale utadhani ameyazaa. Wavu wa kukaa ulihitaji sakafu laini iliyo ndani, na sakafu laini ilikuwa moja tu: ile iliyo chini ya godoro la bluu. Kwa hiyo kocha wa soka ghafla akawa mpenzi mkubwa wa wavu wa kukaa, na Kocha Ruka, ambaye hakuwahi kutazama raga maishani hata dakika moja, akaanza kuisifia mpaka mate yakamkauka.

"Raga ni mchezo wa heshima," alimwambia mkewe wakinywa chai.

"Mpira wake una umbo gani?"

"Umbo la... la mpira."

Mkewe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Baba watoto, sema tu hutaki godoro lako liguswe. Mimi ni mkeo, si kamati."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Godoro likiondoka, mruko wa juu ungebaki kuchezwa nje, siku ambazo mvua imeamua kuwahurumia. Nani angejiunga? Na kocha asiye na warukaji wala ukumbi ni nani? Aliogopa, na hofu yenyewe aliionea aibu.

Sasa idara ile ilikuwa na utaratibu wake, ambao mkurugenzi wa zamani aliuacha kabla ya kustaafu: mtu haupigii kura mchezo ambao hajaucheza. Si kuutazama, kuucheza, na kaptula juu. Kamati ya watu watano, Kocha Ruka na kocha wa soka wakiwemo, wengi wao vitambi vimetangulia, ikabidi iingie uwanjani.

Raga ilianza. Mhasibu wa idara, mtu mpole ambaye hata kalamu haazimi bila kuomba radhi, alipewa mpira akaanza kukimbia, na kabla hajafika popote muuguzi wa chuo akamrukia kiunoni wakaenda chini wote wawili. Muuguzi ndiye aliyeinuka wa kwanza, akampapasa mbavu mgonjwa wake, akasema, "Hazijavunjika. Lakini mimi mchezo huu siutaki, nitafanya kazi usiku na mchana." Mhasibu, kwa maajabu ya Mungu, akainuka anatabasamu na majani kwenye meno. Aliupenda! Mkurugenzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, naye aliupenda. Kocha Ruka alisimama pembeni kwa kisingizio cha goti, akapewa mpira auguse, ikahesabiwa kuwa amecheza. Moyoni alikuwa anashangilia. Kura zilikuwa zinakuja zenyewe.

Siku iliyofuata ikawa zamu ya wavu wa kukaa. Aliyeuleta mchezo huo ni binti aliyesomea sheria, mwaka wa mwisho, ambaye wenzake walimwita Wakili. Mguu mmoja alikatwa akiwa mdogo. Miaka yote ile chuoni alikuwa anakaa jukwaani na kushangilia wengine, na alikuwa na sauti ya kushangilia, jamani, ungedhani wako kumi. Aliingia ukumbini na wenzake wanne, akalaza magongo yake ukutani, akajishusha sakafuni, kisha akatembea kwa mikono na makalio kwa kasi iliyomfanya mhasibu aseme, "Loo!"

"Sheria ni nyepesi," Wakili alisema. "Ukigusa mpira, makalio yawe yamegusa sakafu. Ukiinuka, ni kosa. Karibuni mkae."

Safari hii goti halikufaa kuwa kisingizio. Nani asiyeweza kukaa? Kocha Ruka alikaa, shingo upande, amenuna, akiwa amekata kauli kwamba atagusa mpira mara moja aondoke zake kupiga kura ya raga.

Mpira ukaja juu ya kichwa chake. Akainuka.

"Kosa!" Wakili akapuliza filimbi.

Ukaja tena. Akainuka tena. Filimbi. Maskini, maisha yake yote mwili ule ulikuwa umefundishwa jambo moja tu, na sasa kila kitu kikipita angani unataka kukifuata. Mara ya tatu aliinuka huku anajua kabisa kwamba hatakiwi, na kocha wa soka akashindwa kujizuia: "Kaa, mwanangu! Juu kuna nini?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Warukaji wake wanne, waliokuja kuchungulia, walishikana wasianguke. Kocha Ruka damu ilimchemka. Akafikiria kuondoka. Badala yake akakunja mikono ya shati, akabana makalio sakafuni kana kwamba amegandishwa na gundi, akasema, "Haya. Leta."

Ukaletwa. Safari hii mwili ukabaki chini, mikono ikaenda juu yenyewe, mirefu ile, na mpira ukagonga viganja vyake ukaanguka upande wa pili mbele ya mhasibu aliyekuwa bado anautafuta. Halafu warukaji wake wakapiga mayowe.

Acha we! Mzee akasahau godoro, akasahau raga, akasahau hata kwamba ana goti. Akawa anaburuzika huku na huko, jasho linamtoka, anabishana kuhusu pointi kama mtoto wa shule. Akamwambia mkurugenzi wake, mkubwa wake wa kazi, "Mama, usilale, mpira unapita!" Muuguzi alipotangaza kwamba imetosha, mzee alikasirika. Kaptula ilikuwa imeingia vumbi mpaka nyuma. Alikuwa na furaha, furaha tupu, na alipoitambua akabaki amekaa pale pale sakafuni, maana alikuwa hajakutana nayo kwa muda mrefu sana.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono ofisini kwa mkurugenzi. Raga: mkurugenzi na mhasibu. Wavu wa kukaa: muuguzi na kocha wa soka. Wote wakamgeukia Kocha Ruka, na kocha wa soka akaanza kusikitika kabisa, maana alijua majani yake yamekwenda.

Kocha Ruka alitazama mikono yake. Aliliona godoro lake likitolewa. Aliona vijana wake wakiruka nje kwenye matope. Akapiga moyo konde.

"Kukaa," alisema.

"Una uhakika?" mkurugenzi akamuuliza. "Huo ni ukumbi wako."

"Sina uhakika, Mama. Andika kabla sijabadilika."

Siku godoro lilipoondolewa alilishika upande mmoja mwenyewe, na lilipopita mlangoni machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi. Sakafu iliyokuwa chini yake ilionekana mpya, inang'aa. Jioni mkewe alimpikia anachokipenda bila kuulizwa, wala hakumtania, na kwa mwanamke yule kutotania ilikuwa kazi kubwa.

Mazoezi ya kwanza yalipoanza, Kocha Ruka alifika mapema. Alikuwa amevaa fulana iliyopigwa pasi, filimbi shingoni. Mruko wake umekwenda nje, sawa, lakini ufundishaji ni ufundishaji, naye alikuwa amekesha akitafuta neno jipya la kupigia kelele. Akasimama pembeni ya wavu, mahali pake pa siku zote, akakohoa.

Wakili alimtazama kutoka sakafuni. "Kocha, hiyo filimbi ya nini?"

"Si timu? Timu inataka kocha."

"Kocha tunaye, muuguzi amekubali. Ameshasoma sheria zote, tena anatutisha." Wakili aliuzungusha mpira mapajani. "Tatizo letu ni jingine. Mchezo huu ni wa watu sita. Sisi tuko watano, na mechi ya kwanza ya kirafiki wafanyakazi wanaruhusiwa kucheza."

Kocha Ruka akageuka kuwatazama warukaji wake mlangoni, akitafuta nani wa kumtoa.

"Si hao," Wakili alisema. "Wewe."

Mara ya mwisho mtu kumwita acheze, wanawe hawakuwa wamezaliwa. Akavua filimbi, akamkabidhi yule mrukaji aliyekuwa karibu, akashuka taratibu, goti likalia kidogo, akakaa.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Mbele," alisema Wakili. "Una mikono mirefu."