Nahodha wa Boti ya Maporomoko

Kabla ya kupita penye viboko, nahodha wa boti hugonga ubavu wa chombo kwa vidole, kana kwamba anabisha hodi. Sauti yake ni ya chini, hata abiria humwinamia. Nikipanda hunishika kifundo cha mkono, kama miaka ile tulipokuja na marehemu mume wangu, mwalimu mkuu, kila likizo. Juzi nilikuja na wazazi wa mchumba wa binti yangu, waliokuwa bado wanatupima. Baba wa kijana akamwuliza nahodha, "Eti mwalimu mkuu alijificha chini ya benchi kwa kumwogopa kiboko?" Nikaganda, maana ni kweli.

"Mzee wetu? Aliinama kunitafutia kamba, bwana."

"Muda wote ule?"

"Kamba yenyewe ilikuwa ndefu."

Wakacheka. Nahodha hakunitazama mimi hata mara moja. Aliongeza mwendo, na kishindo cha maporomoko kikameza maswali yaliyobaki.