Shemasi Aliyejua Kina cha Bwawa

Cleophus Mayhew alikufa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa moyo, na mara ya pili kwenye igizo la mjukuu wake. Hiyo ya pili mkewe, Verlene, hakuwa tayari kuinyamazia.

Mjukuu huyo, Jalisa, alikuwa amezunguka Tolliver nzima, kijiji cha watu weusi huko Georgia, akirekodi kumbukumbu za wazee kabla hawajazikwa nazo. Akazitungia igizo la kuchezwa kanisani Jumapili ile ya Agosti ambayo waliohamia Detroit hurudi nyumbani. Humo Jalisa akamvika babu yake, aliyekuwa shemasi, glavu nyeupe na kumpa sala ndefu.

"Huyu ni nani?" Verlene akauliza kwenye mazoezi.

"Si ndiye babu huyo, Bibi?"

"Babu yako hakuwahi kusali bila kufungua jicho moja, aangalie sahani ya kuku imefika wapi. Na hadithi yake ya bwawani umeitupa wapi?"

"Bibi, jamani. Bibi Ozella atakaa mbele kabisa."

Ozella alikuwa binti wa marehemu Mchungaji Pettway, mkavu wa uso kiasi kwamba hata watoto wachanga walinyamaza akipita.

"Sawa, mwanangu," akasema Verlene, ambaye alipewa nafasi ya kujiigiza mwenyewe. Upole wake ulitosha kumtia mtu mashaka. Lakini moyoni aliogopa. Siku hizi hata yeye akimkumbuka mumewe aliziona glavu tu. Kicheko cha Cleophus kilishamtoka masikioni.

Jumapili ikafika. Katikati ya sala, Verlene akamnyang'anya fimbo kijana aliyemwigiza Cleophus.

"Kaa chini, baba. Enyi kanisa, fimbo hii mnaijua?"

"Tunaijua," wakaitikia.

Nani asiijue? Siku ya ubatizo shemasi hutangulia nayo bwawani, apime kina kabla mchungaji hajaingia. Verlene akakunja gauni, akaanza kuipima sakafu.

"Mchungaji Pettway alinisimamisha mbele yenu niombe radhi, eti nimeonekana nacheza dansi. Jumapili iliyofuata Cleophus akapima bwawa. Hapa magotini. Hapa kiunoni. Na hapa, fimbo isipogusa chini..." Akakonyeza. "'Hapa pako salama, Mchungaji, njoo tu.'"

Kanisa zima likaangua kicheko, kisha likageuka kumtazama Ozella aliyekaa mbele.

Ozella akasimama, mkoba mkononi.

"Muongo wewe, Verlene."

Jalisa akajifunika uso kwa karatasi zake.

"Wewe ulikuwa ukingoni unahangaika na viatu. Mimi nilikuwa majini, nangoja kubatizwa. Baba alizama mara mbili. Mara ya kwanza ilirudi kofia peke yake." Akapanda jukwaani, akamtwika Jalisa mkoba. "Na Cleophus huyo huyo ndiye aliyemtoa, kamkamata kola, huku anacheka hivi."

Akacheka. Kikohozi kimoja, kimya, halafu mluzi mwembamba kama birika linapoanza kuchemka.

Verlene akaishika fimbo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka mbele ya watu wote.

"Rudia," akasema.

"Kwanza nizamishe kama Baba," akajibu Ozella, akaziba pua.