Nilishuhudia kwamba nimepona, sasa nani ataamini mguu wangu?

Admin, jina langu lifiche, na mtaa usiutaje. Lubumbashi ni kubwa kwa mgeni tu, wenyeji tunajuana. Nina miaka thelathini na tisa, ni mjane, nina watoto wawili wa shule ya msingi. Tunaishi kwa mama yangu mzazi, ambaye anatulisha sote kwa kuuza mboga, lengalenga na matembele, mbele ya nyumba. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha yeye.

Nilikuwa nashughulikia karatasi za forodha za malori kule mpakani Kasumbalesa. Siku moja mlango wa nyuma wa lori uling'oka ukaniangukia mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, kidonda kikafunga, madaktari wakafurahi. Maumivu ndiyo hayakuondoka. Mguu unawaka. Upepo ukiupitia nalia, maji ya kuoga yakiugusa nayasikia yamechemka, kumbe ni ya baridi. Wakati mwingine nimekaa vizuri nacheka na watoto, mara joto linaanza kwenye kidole kikubwa, na mimi nanyamaza kwa sababu najua kinachokuja. Picha ya mfupa haionyeshi kitu. Daktari wa mishipa ya fahamu alinieleza kwamba jeraha limekwisha lakini mishipa haijui kama limekwisha, inaendelea kupiga kelele. Alikuwa wa kwanza kuniamini, nilimshukuru mpaka akaona haya. Kazi ilinishinda, nikaomba pensheni ya walioumia kazini.

Nikiwa nasubiri jibu, mama alinipeleka kwenye kikundi chake cha maombi. Sisi ni Wakatoliki, lakini mnavijua vikundi vyetu, watu wanaomba mpaka kuta zinatoka jasho. Niliwekewa mikono. Kesho yake niliamka mguu umenyamaza. Ndugu zangu, umenyamaza kabisa! Nilivaa kiatu. Sasa kwetu ushuhuda haulali nyumbani. Wanasema ukificha tendo la Mungu, linaondoka. Kwa hiyo sikungoja. Jumapili iliyofuata tu nilisimama mbele ya watu, nikatupa fimbo yangu ya kutembelea, nikacheza mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka. Mama alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Mtu fulani alichukua video, nayo ikaanza kutembea katika simu za watu.

Alhamisi maumivu yakarudi. Nilikwenda kumweleza kiongozi wa kikundi, baba mmoja mpole tu. Akaniambia, "Maman, ile ni shetani anakujaribu. Usiseme uko mugonjwa. Ukisema, utaita ugonjwa irudie." Nikamjibu, "Papa, ilisha kurudia." Akatikisa kichwa, akaniombea tena, akanisindikiza hadi mlangoni. Kanisani kuna saa ya kutoa ushuhuda, hakuna saa ya kuurudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu hapo yule mwanamke wa kwenye video ananiandama. Nikijikokota sokoni na fimbo, watu wananifungulia simu: "Maman, si ni weye huyu?" Wagonjwa nisiowajua wanakuja kunigusa mkono. Binti yangu anaitazama video hiyo kila akipata simu, halafu ananiuliza nitarudi lini kuwa yule. Namwogopa yule mwanamke. Ana uso wangu na kitenge changu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hakudanganya mtu.

Wiki iliyopita niliitwa mbele ya tume ya madaktari wanaoamua mambo ya pensheni. Kabla sijakaa vizuri, secrétaire wao akatoa simu yake, akaiweka mezani. Nikasikia vigelegele vya mama yangu ndani ya ofisi ile.

"Maman, huyu mwenye kucheza ni nani?" daktari akauliza.

"Ni miye, docteur."

"Na huyu mwenye kukaa hapa?"

"Ni miye vilevile."

"Alors, nani nimupatie pension?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeuma midomo kwa sababu mguu ulikuwa unawaka chini ya meza yao. Mwishowe mkubwa wao akaniambia nirudi Jumanne na mtu mzima ninayeishi naye, aape kwamba maumivu yamerudi. La sivyo faili linafungwa.

Mtu mzima ninayeishi naye ni mama peke yake.

"Mwana yangu," akanijibu, "bantu bote balisikia miye nikipiga vigelegele. Leo niende mu bureau kusema Mungu alishindwa?"

"Mama, sema tu vile unaonaka na macho."

"Ile ya macho haiko imani."

Nilikasirika, sitaficha. Nilimpandishia sauti mama yangu. Maana huyuhuyu, wateja wakisikia nalia ndani, anawaambia niko katika maombi.

Jana jioni alimaliza kuuza, akaja kitandani kwangu na kitunga chake cha mboga kikiwa kitupu. Akakigeuza juu ya mguu wangu, akatandika blanketi juu yake, ili lisiniguse. Anafanya hivyo kila jioni tangu maumivu yarudi, na hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amezuia pumzi isije ikanigusa ngozi. Nikamwuliza, "Mama, kama nilipona, hii kitunga ni ya nini?"

Alinyoosha pembe za blanketi, moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Lala, mwana yangu. Ulisha kupona."

Jumanne inakuja. Nikimlazimisha aape, nitakuwa nimemnyang'anya mama mzee Mungu wake mbele ya watu wanaocheka. Nikimwacha, pensheni imekwenda, na mboga zile hazitawasomesha watoto wangu. Nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi mlioiona video yangu mkaandika amina, nishaurini: nimpeleke, au nimwache?