Mwali wa Miguu Minne

Mambo haya mimi sikuyaona, lakini aliyenisimulia aliyaona, naye hakuwa mwongo kama mimi. Nilipotia chumvi mtaonja wenyewe. Panapobaki ni kweli.

Mwanaheri alikuwa dada mkubwa wa bibi yangu mzaa mama. Alikaa juu ya Mikese, mahali ambapo kilima kimesimama wima hata kuku akitaga lazima aliwekee yai jiwe lisiviringike. Wakati wenyewe ni wa Mjerumani, miaka michache tangu reli ipande kutoka pwani. Mumewe alikwenda kwa Mzungu mmoja kuchimba ulanga, yale mawe yanayong'aa kama vioo, akarudishwa na homa mgongoni mwa mwenzake, akafa. Mtoto hakumwachia. Alimwachia jembe, dungu la kulindia shamba, na kimya.

Kimya hicho nakitaja makusudi. Mwanaheri hakuwa bubu, ila mbele ya wakubwa sauti yake haikutoka. Mjomba akimwuliza jambo, alijibu kwa kupiga makofi mawili ya taratibu na macho chini, vile mwali anavyofundishwa. Wenzake waliofundwa naye walikwisha acha zamani, wanajibu kama watu wazima. Yeye aliendelea, na watu wakamsifia adabu.

Sasa, kwetu Waluguru shamba ni la ukoo, linafuata tumbo la mama, na anayegawa ni mjomba. Mkuu wa ukoo wao alikuwa Mzee Abasi, ndugu wa mama yake Mwanaheri. Misimu miwili mfululizo nguruwe mwitu walivuna mahindi ya yule mjane kabla yake. Dume lao lilikuwa na meno ambayo ungeweza kuanikia nguo, na nguo zikakauka. Msimu wa pili ulipokwisha, Mzee Abasi alikuja akalizunguka shamba, mikono mgongoni. Hakuwa mkali.

"Mpwa wangu," akasema, "ardhi ya bibi zetu hailimiwi nguruwe. Msimu ujao nao wakila, nitampa Pili. Yeye ana mume, ana watoto wa kulinda. Wewe utakaa kwake, utakula kwake."

Pili alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, mtu wa masihara, hana ubaya. Lakini kula kwa mtu ni kula huku unahesabiwa matonge. Mwanaheri akapiga makofi mawili, na moyoni anaungua.

Vijana wenye mbwa wa kuwinda walikuwa wamechukuliwa kukata barabara. Kwa hiyo akateremka mpaka kambi ya ulanga, kwa Salum, mpishi wa yule Mzungu, aliyekuwa rafiki wa marehemu. Huko mbwa jike wa Mzungu alikuwa amezaa na mbwa koko wa kijijini. Mzungu aliona aibu kama baba wa bibi harusi, akaamuru watoto watupwe mtoni. Salum alimficha mmoja, jike, ndani ya kikapu cha mkaa. Kabla ya kumtoa alimwonyesha Mwanaheri jinsi Mzungu anavyotamka neno moja la kwao, fupi kama chafya, na yule mama mtu anakaa chini hapo hapo.

"Hawa hufundishwa tangu wadogo, shemeji," Salum akamwambia. "Usipomfundisha wewe, atakufundisha yeye."

Njia nzima ya kupanda, kikapu kichwani, Mwanaheri alijiuliza kufundisha kwenyewe kunakuwaje. Chuoni hakuingia, kama mimi. Maishani mwake aliyajua mafundisho ya namna moja tu: mtoto wa kike anapovunja ungo huwekwa ndani, gizani, miezi mingi, anaelekezwa na kungwi mpaka anatoka mtu mwingine. Basi akafanya hayo hayo.

Kwanza alikwenda kwa mwalimu wa msikiti, maana yeye ni Mwislamu na mbwa ana miiko yake. Mwalimu alimjibu kwamba mbwa wa kulinda shamba hana neno, ila asiingie nyumbani, na chombo akikiramba kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Mwanaheri akamjengea kibanda nyuma ya nyumba, akakikandika vizuri, hakina tundu hata la mjusi. Akamwita Subira.

Miezi mitatu Subira alikuwa mwali. Akimtazama mkubwa usoni, anafinywa sikio. Akibweka, anafinywa. Ugali aliwekewa kwenye kifuu chake, na hakuugusa mpaka asikie makofi mawili. Alijua kutembea nyuma, kupisha njia, kukaa na miguu ameikunja upande mmoja. Wako wanaosema alifundishwa mpaka kusonga ugali. Huo ni uongo, alikuwa akichochea moto tu.

Pili alichungulia siku moja, akamwambia, "Dada, mwali wako ana mkia." Mwanaheri akacheka naye, akaendelea na kazi yake.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu akamtoa nje. Watu walikuja kumwangalia mbwa mwenye haya kuliko binti zao. Ijumaa akapanda Salum, mtu wa utani. Hakupiga hodi, akaingia uani, akafunua chungu jikoni, akachukua muhogo akatafuna. Subira alimpisha, akainamisha macho.

"Shemeji," Salum akasema, mdomo umejaa, "mimi nilikupa mbwa. Wewe umefuga mkwe."

Ua mzima ukacheka. Mwanaheri hakucheka tena, kwa sababu sasa aliona alichokitengeneza.

Jioni ile ile nguruwe wakaja. Subira alilala chini ya dungu, ametulia kama yumo kibandani. Mwanaheri alirusha mawe, nguruwe wakasogea pembeni wakala huko. Walimaliza matuta matatu. Asubuhi Mzee Abasi akatuma habari kwamba keshokutwa atafika kuliangalia shamba.

Kutwa nzima Mwanaheri alihangaika kumfundua yule mbwa. Akamsogezea kuku. Akamvuta mkia. Akatazama huku na huku, alipoona hakuna mtu akabweka mwenyewe, kwa sauti ndogo. Subira alimtazama miguu tu. Mwishowe Mwanaheri akaketi chini kando yake, na hapo ndipo alipokumbuka.

Mwali hajifungui mdomo mwenyewe. Iko siku ya kutolewa. Kungwi hupiga kigelegele cha kwanza, ngoma zinaitikia, mwali anabebwa mabegani, na tangu siku hiyo anasema na watu wazima. Siku ya Mwanaheri ilifika, wali umekwisha iva, ngoma zimewambwa, askari wa Mjerumani wakapanda kilima kutafuta wapagazi. Kijiji kizima kikakimbilia msituni. Kungwi alimsukuma kwa mlango wa nyuma, akamwambia akimbie, basi. Waliporudi, siku nyingi zimepita, wali umechacha, kungwi amefia huko huko msituni. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna mwali hajatolewa. Akaolewa hivyo hivyo.

Mimi nimeliwaza jambo hili miaka mingi, nikiwa napepeta mchele, nikiwa siwezi kulala. Kumfundisha mtu kunyamaza kila mmoja wetu anaweza, hata mimi nimewafundisha wanangu, Mungu anisamehe. Kumwambia kwamba sasa inatosha, sema, hiyo ni kazi ya siku moja, na ikipita bila mtu kuifanya, anayeidai siku hiyo hajui hata amdai nani.

Jua likawa linashuka, Mwanaheri yuko juu kulinda, na nguruwe wakasikika wakivunja mabua upande wa chini, dume mbele. Mwanaheri akateremka kutoka dunguni. Subira alisimama, na kwa mara ya kwanza akainua macho akamtazama usoni. Mwanaheri hakumfinya. Alifikiri amkimbilie Pili aje apige kigelegele, lakini kwa Pili ni mteremko na mpando, na mahindi yanaliwa. Kungwi alikuwa yeye.

Akafungua mdomo. Kwanza kilitoka kitu kama mlango mbovu. Akajaribu tena, kikatoka kigelegele, kirefu, na kilipokwisha hakuweza kufunga mdomo. Alimtukana yule dume, akamtukania mama yake na ukoo wake. Akamtajia misimu miwili, na mumewe, na homa ya ulanga, na wali uliochacha. Subira alisikiliza kidogo kama mtu anayetaka kuhakikisha. Kisha akabweka.

Wanasema garimoshi lilisimama Mikese, dereva akidhani amepigiwa filimbi. Nguruwe waliruka, wengine hawakuonekana kugusa ardhi. Dume alipita Mgeta, ng'ambo ya milima, bila kusalimia mtu, Subira yuko kwenye kisigino chake mpaka mtoni. Aliporudi alikuwa anahema, ana manyoya ya nguruwe mdomoni, wala hakukaa miguu upande.

Mzee Abasi hakungoja siku yake. Asubuhi alikuwa ameshafika, maana nyumba yake iko mgongo wa pili wa mlima na bonde lile hubeba sauti. Pili alimfuata nyuma. Subira akawakabili njiani, anabweka, meno nje. Mzee akasimama na bakora yake.

"Jana jioni nilisikia mwanamke anatukana huku," akasema. "Alikuwa nani?"

Pili alingojea yale makofi mawili. Hayakuja.

"Mimi, Mjomba. Shikamoo," Mwanaheri akasema. "Nilikuwa nafukuza nguruwe shambani kwangu."

 Mzee akatazama matuta matatu yaliyolala, na shamba lote lililobaki limesimama.

"Marahaba," akajibu. Kisha akamgeukia Pili, akamwambia yeye watamtafutia mahali pengine, upande wa mtoni. Pili akasema afadhali, huku juu hata miguu inachoka. Mzee akamtaka Mwanaheri amnyamazishe mbwa ili apite akayaone mahindi.

"Subiri kwanza akuzoee, Mjomba," Mwanaheri akamwambia.

Mzee Abasi, mkuu wa ukoo mzima, akatafuta jiwe, akaketi, akangoja.