Kitabu Nilichokifukizia Udi

Jamani, mpaka sasa nikipita mtaani najifunika uso. Mimi ni mtunza maktaba hapa Kilindoni. Bi Mwanaisha wa Baleni aliniomba nimtafutie kitabu cha zamani cha hati za Kiarabu, kama alichokuwa nacho marehemu mama yake. Sisi hatukuwa nacho. Nikaziandikia maktaba za bara, maana huwa tunaazimana, na moja ikakileta kwa boti.

Kuziona tu zile herufi, nikajua kitabu kitukufu hiki! Kuzisoma siwezi, chuo cha Kurani nilikitoroka utotoni, ila mdomo ninao. Nikakifukizia udi, nikakifunga kitambaa cheupe, nikatangaza kisomo Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume wakajaa maktaba, viatu mlangoni. Nikawaagiza waitikie amina, kisha nikamkabidhi Maalim wa msikiti wetu kitabu kwa mikono miwili, kifua mbele, utadhani nimekiandika mimi.

Maalim akaanza kwa bismillahi, akasoma kwa sauti ya mimbari, kumbe herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili: "Mwari wangu, usiku wa kwanza mumeo akiingia chumbani..."

"Amina!" tukaitikia.

"...usimwachie akufungue kanga mwenyewe..."

Amina hiyo niliitoa peke yangu.

Maalim akakifunga kitabu kama aliyeungua vidole. Mlangoni alisimama Bi Mwanaisha, kajishika kichwa.

"We mwanangu! Hicho cha kuwafundia wari! Nani kakwambia uwaitie wanaume?"

Nikageuka. Safu ya mbele, baba mkwe wangu alikuwa bado ameinua mikono.